Ranaivosoa na Injini Iliyogoma Siku ya Harusi

Enyi wake kwa waume, sogeeni! Mwenye kikohozi akohoe sasa, kwani nasimulia habari za Ranaivosoa, Fahali wa Vilima vya Antananarivo, dereva wa teksi aliyezima injini kwenye kila mteremko ili kuokoa petroli, na bado asigonge hata kuku.

Asubuhi hiyo bintiye, Haingo, alisimama mlangoni na shela yake, akingoja kupelekwa kanisani. Baba mtu alikuwa ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba mwanawe hatapanda gari la mtu, ila teksi hii kuukuu iliyomlisha tangu utotoni. Nayo teksi, waungwana, jana kutwa Ranaivosoa na shemejiye Solofo waliifungua injini na kuivisha gasketi mpya. Sasa stata ilizunguka, injini ikaguna, ikakohoa, isiwake.

“Ewe chuma usiye na shukrani!” akanguruma Fahali. “Nimekuvisha, nimekupaka mafuta, nawe waniumbua mbele ya wakwe?”

“Shemeji, hotuba haiwashi gari,” akasema Solofo. “Tupime cheche.”

Wakapima. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. Wakakagua nyaya za plagi, wakapuliza kabureta mpaka mashavu yakawauma.

“Na petroli?”

“Ipo! Chupa yake hii hapa miguuni pangu badala ya tangi, kama ya kila teksi mjini. Mpira wa kuinyonyea injini nimeutia mwenyewe!”

Hapo likafika gari jipya linalometameta, na baba wa bwana harusi, Rajaona, akatoa kichwa dirishani. “Baba Haingo, bibi harusi apande huku tu. Mchungaji hangoji.”

Ranaivosoa akageuza uso. Alilia, siwafichi.

Haingo akashika kitasa cha gari la mkwewe. Solofo, koo limemkauka, akainyakua chupa ya ranovola, yale maji ya ukoko wa wali yenye rangi ya dhahabu waliyopikiwa jana na mama yake Haingo, akapiga funda kubwa. Akatema hadi ukutani.

“Petroli! Shemeji, nimekunywa petroli!”

Ranaivosoa akaiinamia ile chupa ya miguuni pake, akainusa.

“Basi,” akasema Ranaivosoa polepole, “gari limekuwa likinywa nini?”

“Ranovola ya mama!” Haingo akacheka hadi shela ikamvuka, akakiachia kile kitasa.

Wakamwaga maji, wakakausha plagi, mpira ukarudishwa kwenye chupa yake halali. Stata ikalia mara moja tu, na injini ikanguruma ngurumo za ushindi, ikifuka moshi wenye harufu ya wali ulioungua. Vigelegele vikapasua anga!

Wakafika kwenye mteremko wa kanisani. Mkono wa Fahali, kwa mazoea ya maisha yake yote, ukaenda kwenye ufunguo.

“Usizime!” wakapiga kelele wote.

Akautazama mteremko, akamtazama bintiye kwenye kioo, akauondoa mkono. Na ijulikane kwa vizazi vyote: siku hiyo Ranaivosoa alishuka kilima injini ikiwaka, petroli ikiungua bure, na hakujuta hata tone.