Kofia ya Arvid Skaar na Masikio ya Binti Hilda

Sogeeni, enyi mlao jibini msiulize ilikotoka! Sogeeni nanyi mnywao chai ya maziwa mkiwa mmekaa juani, mkidhani baridi ni kile kiupepo cha asubuhi kinachowafanya mtafute shuka! Kaeni kitako, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana nataka kunena habari za Arvid Skaar, mkamuaji wa ng'ombe hamsini na wawili, mwenye viganja vipana kama makoleo, na jinsi alivyoingia vitani kwa ajili ya masikio mawili ya ndama. Nami sikuhadithiwa na mtu. Mimi ndimi Elroy, dereva wa lori la maziwa, na miguu ya nyuma ya ndama huyo niliishika mimi, kwa mikono hii hii, wala sijashukuriwa hadi leo.

Ilikuwa mwezi wa Januari, huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin, katika wiki ile ambayo baridi ilishuka hadi nyuzi thelathini chini ya sifuri ikakaa hapo, haiendi wala hairudi. Mbao za ghala zililia. Matrekta yalikohoa yakakataa kuwaka. Mtu akitoka nje, hata nywele za puani zilisimama kama sindano, na aliyetaka kusema neno alilipima kwanza kama linastahili kufunguliwa mdomo.

Sasa, wanawake wa kanisa letu wana desturi yao: theluji ya kwanza ikianguka, huketi na kufuma vifuniko vya masikio vya ndama. Msicheke! Ndama huzaliwa amelowa chepechepe, na masikio yake membamba huganda kabla ya kiungo kingine chochote, kisha hukatika, mnyama wa watu akabaki na kichwa cha mviringo maisha yake yote. Na jemadari wa wafumaji hao ni Verna, mke wake Arvid, Verna wa Sindano Mbili, ambaye hajapata kushindwa na kitu chenye kichwa.

Lakini Arvid aliwadharau. Jumapili moja baada ya ibada, wakati wa kahawa, alisimama katikati ya ukumbi na keki mdomoni akapaza sauti, akasema, "Sikilizeni nyote! Babu yangu hakuvisha ng'ombe kofia. Baba yangu hakuvisha ng'ombe kofia. Siku ndama wangu mimi akivaa kofia, nitatembea kichwa wazi mpaka theluji iyeyuke!"

"Tumekusikia," akasema Verna, hata hakuinua macho kwenye ufumaji wake. "Na mchungaji amekusikia."

Na kofia aliyoiwekea nadhiri, ya Rabi! Ilikuwa ya sufu, rangi ya chungwa kali isiyokosa kuonekana msituni, aliyofumiwa na marehemu mama yake mwaka alipoanza kuwinda kulungu. Miaka arobaini na sita hakuivua ila kanisani na kitandani, na kuhusu kitandani Verna ana maelezo yake.

Basi alikuwako ng'ombe wake mmoja, Hilda, malkia wa zizi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Juu ya kila ng'ombe pale pana kiubao cheusi, na Arvid huandika kwa chaki uzao wa kila mmoja. Kiubao cha Hilda kilisomeka hivi: dume, dume, dume, dume, dume, dume, dume. Madume yote saba yakauzwa, kwa kuwa dume halikamuliwi. Kila mwaka Arvid alimwomba Hilda binti mmoja tu wa kushika nafasi yake, na kila mwaka Hilda alimtazama akaendelea kutafuna. Mimba hii ya nane daktari wa mifugo alisema ndiyo ya mwisho.

Asubuhi moja ya wiki hiyo ya baridi nilifika saa tatu kuchukua maziwa. Sijamaliza hata kuunga mpira kwenye tangi, nikasikia sauti ikinguruma kutoka kwenye banda la nyasi.

"Elroy! Achana na huo mpira! Njoo!"

Nilikimbia. Hilda, kwa ukaidi wake, alikuwa amezaa wiki mbili kabla ya siku yake, tena nyuma ya lundo la nyasi, upande ulio wazi kwa upepo. Verna alikuwa amepiga magoti akimsugua ndama kwa taulo. Arvid amesimama tu, mikono imening'inia.

"Ni jike," akasema. "Jike, Elroy. Nimeangalia mara tatu."

Machozi yalimtoka yakaganda kwenye masharubu. Akikataa, mwambieni Elroy aliyaona.

Tulifanya yote yapasayo. Ndama akanyweshwa kwa chupa dang'a ya mama yake, yale maziwa mazito ya kwanza, akafungwa koti lake, akalazwa katika kibanda chake cha nje chenye majani makavu hadi magotini, kando ya uzio wa Hilda. Zizini hapakufaa, kwa kuwa ndama watatu walikuwa wanakohoa humo. Jikoni kwa Verna hapakufaa pia, tangu mwaka ule ndama alipokula mapazia. Mwili ukapata joto. Lakini masikio! Ncha zake zilikuwa zimeanza kukakamaa kama biskuti.

"Mzee," akasema Verna, "niletee ile jozi ya mwisho ya vifuniko. Niliitundika kwenye msumari, chumba cha trekta."

Arvid akatazama mawingu. "Ile ya buluu?"

"Ile ya buluu."

"Yenye kamba?"

"Arvid."

"Nilidhani ni tambara, mama."

"Ukaifanyia nini?"

"Nilifutia kijiti cha kupimia oili."

Hata Hilda aliacha kutafuna.

"Hakuna uzi mwingine?" nikauliza, maana mtu mmoja ilibidi aseme kitu.

"Umeisha. Ndama kumi na wanne wa bonde hili wamevaa uzi wangu," akasema Verna. "Dukani ni mwendo wa saa nzima. Masikio haya hayana hiyo saa nzima."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Tulipeleka mbele kwanza skafu yangu. Tuliizungusha, tukaifunga fundo, tukapumua. Ndama akatikisa kichwa mara moja, skafu ikaruka, naye akaikanyaga na kuifanyia jambo ambalo sitalitaja mbele ya watu wanaokula. Ndipo Arvid akaketi thelujini, akavua buti, akavua soksi zake mbili ndefu, akarudisha buti miguu ikiwa mitupu. Soksi ya kushoto ilikuwa pana kama gunia, ikamfunika ndama macho. Ya kulia aliiweka kidogo tu juu ya uzio ili ashike vizuri, na Hilda akainyoosha shingo, akaila. Yote. Kisha akatutazama kama anayeuliza ya pili iko wapi.

Verna alitazama tu kichwa cha mumewe. Arvid akaishika kofia kwa mikono miwili.

"Usinitazame hivyo! Mama ndiye aliyeifuma hii."

"Najua."

"Nimeua kulungu thelathini na mmoja nikiwa nimeivaa!"

"Thelathini. Mmoja ulimgonga kwa gari."

"Na nimeapa, Verna! Nimeapa mbele ya mchungaji!"

"Uliapa utatembea kichwa wazi, mzee wangu. Nani amekukataza?"

Arvid akageuka kumtazama ndama. Miaka minane ya kungoja ilikuwa imelala pale juu ya majani, ikitetemeka, na masikio yake yalikuwa yamesimama kwa ugumu. Ndama akapiga chafya. Basi shujaa akavuta pumzi, akaivua kofia, na kichwa chake, ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona mchana, kikafuka moshi katika baridi, cheupe kama unga uliokandwa.

"Kata," akasema. "Lakini nitafumba macho."

Verna alikuwa na mkasi tayari mfukoni mwa aproni. Aliingia nao alfajiri, nadhani, akijua siku ingeishia wapi. Kofia ikapasuliwa pande mbili, kingo zikakunjwa na kushonwa harakaharaka, kamba ya kufungia robota la nyasi ikawekwa chini ya kidevu, na silaha ikawa tayari.

Enyi wenye kusikia, ndama mchanga ana kilo arobaini, na zote ni mateke! Mimi nilishika nyuma. Kwa nini nyuma? Hakuna aliyeniuliza. Nilipigwa goti, nikapigwa nyonga, na buti zangu mpya zikaoshwa kwa njano. Arvid alirushwa ukutani mwa kibanda mara mbili, akarudi mara mbili, upara wake ukiwa mwekundu kama nyanya, akinguruma, "Tulia, binti! Mimi ni rafiki yako!" Kamba ikaponyoka. Sikio la kushoto likaingia, la kulia likatoka. La kulia likaingia, la kushoto likatoka.

"Mpe vidole, wewe!" akafoka Verna. "Umefuga miaka hamsini, leo umesahau?"

Arvid akapiga magoti, akavua glavu, akamtilia ndama vidole viwili mdomoni. Na tazama! Yule mpiganaji akalegea, akafumba macho, akaanza kunyonya. Mateke yakakoma. Verna akavuta kulia, akavuta kushoto, akafunga fundo. Bahari ikawa shwari, nami nikakaa chini ghafla mahali ambapo sikupaswa kukaa.

Tukangoja. Vidole vya Arvid vilikuwa vinaganda pale ambapo ulimi haukufika, lakini hakuvitoa. Baada ya nusu saa Verna akapitisha mkono chini ya sufu, upande huu, kisha ule.

"Yana joto," akasema. Na sikio la kulia likamchezea mkononi, likajikunja, likasimama.

Arvid akainuka, akaenda zizini, akachukua chaki. Chini ya madume saba akaandika kwa mkono uliokufa ganzi: JIKE. MASIKIO 2. Akarudi nyuma hatua moja akakitazama kile kiubao kwa muda mrefu. "Si mbaya," akasema. Na huku kwetu mtu hupata kuzikwa bila kuambiwa neno kubwa kama hilo.

Kisha akanishika bega. "Elroy, habari hii haitoki hapa."

Niliapa. Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimeisimulia katika mashamba tisa.

Nadhiri yake aliishika, lazima niseme. Siku tatu alitoka nyumbani kwenda zizini kichwa wazi, na siku ya nne masikio yake mwenyewe yalivimba, yakawa rangi ya zambarau. Verna akaenda mjini, akanunua uzi wa buluu, akaketi usiku mmoja. Jumapili Arvid Skaar akaingia kanisani amevaa vifuniko viwili vya masikio vyenye kamba kidevuni, kipimo cha ndama mkubwa, na upara ukiwa wazi kama alivyoapa. Mchungaji alitafuta ukurasa wa wimbo kwa muda mrefu sana.

Nami niliporudi kuchukua maziwa, nikapita kwa Hilda. Kwenye kiubao, mtu alikuwa ameifuta ile 2 ya masikio kwa kidole, na kwa mwandiko mwembamba wa Verna ilikuwa imeandikwa 4.