Vijiko vya Daktari Ogola

Siku Ogola alipomsikia mzee mmoja mjini Eldoret akimlalamikia mwenye duka kwamba mwili wake hautii amri, alitambua papo hapo kwamba yeye ni daktari.

Kliniki ilikuwa meza moja, chupa za molasi ya ng'ombe iliyotiwa tangawizi, na mita ya fundi wa umeme iliyounganishwa kwa nyaya na vijiko viwili vya chai. Mita hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote duniani. Elimu aliitoa katika kitabu cha biolojia kilichochanika. Kwa kuwa kiliishia kwenye tezi, matibabu ilimbidi ayatunge mwenyewe.

"Mzee Walubengo," alimweleza mzee yule mbele ya umati, "homoni ni wajumbe. Tezi huwatuma, damu huwabeba. Ukiogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo mbio, viganja jasho, damu miguuni. Shika vijiko."

Mzee alishika. Kiganja chenye jasho hupitisha umeme, mshale ukaruka.

"Wajumbe wako wamegoma, Mzee. Hii chupa itawarudisha kazini."

"Mbona inanuka kama chakula ya ng'ombe?"

"Na ng'ombe wako amewahi kulalamika?"

Mzee akacheka, akanunua mbili. Ogola alianza kujiona profesa, jambo ambalo halijawahi kumletea heri.

Mama mmoja, Nangila, aliyekuwa amesikiliza tangu mwanzo kwa utulivu wa mwanafunzi bora, akasogea. "Daktari, si nawe upimwe tuone?"

Umati ukashangilia. Ogola akashika vijiko. Nangila akamnong'oneza, "Askari wa kanjo hao, nyuma yako."

Leseni ya biashara, ambayo askari hao wa kaunti huidai, Ogola aliijua kwa kuisikia tu. Hapo sayansi ikatenda kazi kwa utaratibu wa kupendeza: tezi zikatuma, damu ikabeba, miguu ikapokea. Kichwa peke yake ndicho ambacho hakikujulishwa. Alipofika mtaa wa West Indies ndipo kilipouliza: kanjo gani? Nyuma yake alikuwepo mwendesha boda boda tu, akitaka kujua kama anahitaji usafiri.

Aliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Msaidizi wako amesema mnahamia Turbo," alisema Mzee Walubengo kwa upole. "Hata mimi nimemsaidia kupakia."

Huko mjini Turbo, Nangila alikuwa amezungukwa na watu, akifafanua tezi kwa ufasaha uliomuuma Ogola kuliko wizi wenyewe. Hata pale kitabu cha Ogola kilipoishia, yeye aliendelea.

"Wewe mama! Hiyo mita ni yangu!" Ogola alifoka, akitetemeka na kuchuruzika jasho.

"Mnaona, watu wangu?" Nangila hakushtuka. "Moyo mbio, jasho, makelele. Mshikeni pole pole, mpeni vijiko."

Wakamshika. Mshale ukaenda hadi mwisho, ukakwama huko. Umati ukaguna kwa huruma, kisha ukaanza kupanga foleni. Ogola alitaka kutangaza kwamba mashine ni ya uongo, akakumbuka kwamba ametoka kutangaza ni ya nani.

Nangila akamfungulia chupa, akanyoosha kiganja apokee malipo.

"Lakini hii ni ya ng'ombe," Ogola alimnong'oneza.

"Na ng'ombe wako amewahi kulalamika?"

Ogola akalipa, akanywa.