Hedfoni Imenikaa, Mdomo Haujanikaa

Jamani, leo nimeumbuka, tena mchana kweupe, pale uwanja wa ndege wa Nachingwea.

Mimi ni bibi shamba wa Marambo. Tembo wamekuwa wakivamia mashamba, kwa hiyo kuna ndege ndogo inawatafuta kutoka juu. Kazi yangu ni kukaa mbele na rubani, nimwonyeshe mashamba, yeye awaambie kwa redio askari wa wanyamapori walio chini na gari.

Shida ni kichwa changu. Kidogo. (Shuleni waliniita Korosho.) Safari iliyopita hedfoni iliteleza ikakaa shingoni kama mkufu. Rubani akauliza, "Kushoto au kulia?" Mimi nikasikia vumo tu, nikajibu, "Ndiyo!" Askari wakaenda kulia. Tembo walikuwa kushoto, wanamaliza mahindi ya watu.

Basi leo Kapteni Halima, rubani wetu, amekuja na hedfoni tatu.

"Mdogo wangu, leo huruki mpaka upate inayokukaa."

Ya kwanza nzito kama jembe. Tumekaza mpaka mwisho, nikainama kufunga kiatu, hiyoo! Imeanguka. Ya pili haikuanguka, ila ilinibana mataya nikawa naongea kama nimeng'atwa na nyuki. Ya tatu! Nyepesi, laini, imetulia yenyewe. Nikatikisa kichwa, haikusogea.

"Hii hii! Umeinunua wapi?"

"Ya binti yangu," akasema. "Ana miaka tisa."

(Sikujali. Starehe haina umri.)

Kapteni akawasha umeme wa ndege ajaribu redio, kisha akashuka kukagua matairi. Nikabaki peke yangu, hedfoni imekaa, usukani mbele yangu. Ningefanyaje? Nikaushika kwa mikono miwili, nikakaza sauti.

"Abiria wapendwa, hapa ni Kapteni Sofia. Tunaelekea Mbekenyera. Bosi wangu Mama Mponda hatutakuwa naye. Kila siku ya kuruka anasema ana kikao. Kikao gani? Anaogopa ndege huyo! Hata ngazi ya ghalani anaipanda macho yamefumbwa!"

Nikacheka peke yangu. Nikageuka dirishani.

Kapteni Halima amejishika kiuno, machozi yanamtoka kwa kicheko. Akanionyesha kidole changu gumba. Kilikuwa kimebonyeza kitufe kwenye usukani. Kile cha kuongea redioni!

Na redio ya askari ilikuwa kwenye boneti ya gari lao pale pale uwanjani, sauti juu kabisa. Wakulima kumi na kitu waliokuja kutazama ndege wameizunguka. Katikati yao, na faili kwapani, amesimama nani?

Mama Mponda.

Nilitamani ile hedfoni iwe kubwa, nijifiche ndani yake.

Nikashuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba, Kapteni."

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akaropoka, "Sasa mama, unaogopa au huogopi?"

Mama Mponda akamtazama mzee. Akaitazama ndege. Akampa dereva wake faili, akapanda kiti cha nyuma.

Gari la askari limetangulia, nasi tumeruka. Njia nzima Mama Mponda amenishika bega, kucha zimeingia mpaka kwenye mfupa. Ila safari hii nimesikia kila kitu. "Kushoto au kulia?" "Kushoto, nyuma ya mikorosho!" Tembo saba, hatua chache tu kabla ya mahindi ya Mbekenyera. Askari wakawahi, wakawarudisha porini na fataki zao.

Tulipotua, Mama Mponda alifungua mkanda. Kisha akavua hedfoni yake, akasema taratibu:

"Sofia, macho sikufumba."

"Nimeona, mama."

(Sikuona. Alikuwa nyuma yangu. Lakini leo nilishaongea ya kutosha.)

Kesho saa moja na nusu naripoti ofisini kwake. Mwenye kicheko acheke usiku huu amalize. Asubuhi naomba dua tu.