Panja ya Bi Roshanara

Jabiri wa Temeke hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi alikuwa akiudhika kweli. "Mie siibi, mie naongea tu," alisema. "Mtu akinipa chake baada ya maongezi, kosa langu liko wapi?" Kwa maongezi hayohayo alishawahi kumkodisha bwana mmoja wa Vingunguti ng'ombe aliyekuwa akisubiri zamu yake machinjioni, eti amkamue kwanza. Bwana yule alikamua asubuhi moja tu.

Basi siku moja ya Muharram alikuwa akikatiza Kinondoni kwa miguu, jua linamchoma utosi na kiu imemkaba, akaona nyumba ya Wahindi yenye bendera nyeusi mlangoni. Nje, watu wa kila namna, mama ntilie, bodaboda, wanafunzi, walikuwa wakigawiwa sharbati ya waridi bila kulipa. Neno "bure" halijawahi kumpita Jabiri likiwa hai. Alikunywa gilasi ya kwanza kwa kiu, ya pili kwa tamaa, na ya tatu aliingia nayo ndani kuona wenye nyumba ni watu gani.

Sebuleni palikuwa na jukwaa dogo lililofunikwa kitambaa cha kijani na mashada ya asumini. Juu yake vilining'inia viganja vidogo vya chuma, vyenye vidole vitano vilivyonyooka, vinang'aa kama fedha kila feni ikivipepea. Pembeni alikaa kikongwe mwenye miwani minene, Bi Roshanara, mjane wa Valimohamed muuza samli.

"Shikamoo Mama. Hivi ni vitu gani?"

"Marahaba, beta, mwanangu. Hizi tunaziita panja. Ni ukumbusho wa mkono wa Hazrat Abbas, aliyekatwa mikono Karbala akiwapelekea maji watoto wenye kiu. Ndiyo maana hupiti hapa leo bila kunywa." Bibi alilifuta chozi, maana jambo hilo hulisimulia kila mwaka na kila mwaka linamliza. "Mwenye haja huchukua panja moja, akaitaja haja yake kwa sauti, akaenda nayo. Akijaliwa, anairudisha ileile na mwenzake. Hii ndiyo desturi ya nyumba yetu tangu kwa baba mkwe."

"Mtu yeyote?"

"Haja ina dini, beta?"

"Na asiporudisha?"

"Hilo ni lake na Mungu wake."

"Hamumwandiki jina wala namba ya simu?"

"Za nini?"

Jabiri alilazimika kuinama ili uso wake usimsaliti. Tangu azaliwe alikuwa akisikia kwamba mali ya bure haipo, na leo alikuwa amesimama mbele ya benki isiyo na mlinzi, inayokopesha fedha tupu kwa masharti ya kulia kidogo. Akapiga magoti na kuanza kulia. Kulia alijua.

Tatizo likawa haja. Alitaka kusema mama anaumwa, akakumbuka mama yake ni marehemu na huenda anasikia. Alipobanwa, jina la kwanza lililomjia likamtoka: "Ee Mola, nataka Nusaiba binti Anwar, wa kule kwetu Temeke, akubali kuolewa na mie!"

Machozi yalikuwa ya uongo. Jina lilikuwa la kweli tupu, kwani Nusaiba alikuwa amemkaa moyoni mwaka mzima, na jibu pekee aliloambulia kwake lilikuwa beseni la maji ya kuoshea mchele, lililomwagwa kifuani. Huko jikoni kitu kilianguka kwa kishindo. Jabiri hakujali. Alitia panja mfukoni, akambusu bibi mkono, akatoka.

Mteja alikuwa ameshamjua. Kimara kulikuwa na mwenye nyumba mmoja aitwaye Kornelio, mtu aliyeamini kwamba kila penye udongo Tanzania hii Wajerumani walifukia sanduku. Alikuwa ameshachimba ua wake mwenyewe mpaka choo cha wapangaji kikatitia.

"Braza, hizo za Wajerumani achana nazo," Jabiri alimnong'oneza, akifunua kitambaa kidogo kidogo. "Hiki ni kiganja cha Raja wa Kachi. Kililindwa na chui wawili na bubu mmoja. Usiku wa mapinduzi binti wa Raja alikifunga ndani ya nywele zake, akavuka jangwa juu ya tembo, tembo akafa, akaendelea kwa miguu. Wazee wanasema anayekimiliki, ardhi humwonyesha vilivyofichwa."

"Ardhi humwonyesha?" Kornelio alimeza mate.

"Mie mwenyewe jana nimeokota ufunguo."

Jioni hiyo Jabiri alirudi Temeke juu ya pikipiki nyekundu, iliyokuwa ya Kornelio mpaka saa za alasiri. Shingoni ilimetameta cheni yake ya fedha, kitu pekee cha kweli alichowahi kumiliki. Alijiona mfalme.

Nusaiba alikuwa amesimama mlangoni kwao, mikono kiunoni, bila beseni.

"We Jabiri. Njoo hapa."

"Nipo, sista."

"Usiniite sista. Nani alikutuma kunitaja Kinondoni?"

Jabiri akazima pikipiki. Hakujua kwamba kila Muharram Nusaiba ndiye anayeenda kwa Bi Roshanara kupika biriani ya nyaz, chakula cha baraka kinachogawiwa watu baada ya majlisi, kikao cha maombolezo.

"Nilikuwa na mwiko mkononi, ukaniponyoka," Nusaiba akasema, na sauti ikamlainika. "Wanaume wa mtaa huu wote wananiitia chochoroni. Wewe umenitaja mbele za watu, umepiga magoti, unalia. Mie nilikuwaga nakuona tapeli tu. Basi nimekubali. Mlete mshenga kwa baba."

Jabiri alifurahi, akakaa kwenye ngazi ya jirani.

"Ila kwanza panja," Nusaiba akaongeza. "Ileile, na mwenzake. Siolewi na mtu aliyedhulumu nadhiri yangu mie mwenyewe. Ukishindwa, tusijuane."

Kulipokucha tu Jabiri alikuwa Kimara, anatabasamu kwa mashaka. "Braza Kornelio, kile kiganja, unajua, hakina thamani kubwa kama tulivyodhani..."

"Hakina?" Kornelio aliegemea kiti. "Kitu kilicholindwa na chui wawili?"

"Chui... nadhani alikuwa mmoja."

"Na bubu je? Na yule binti aliyetembea jangwani kwa miguu? Hapana, Jabiri. Mtu amehangaika namna ile, mie nikiache kirahisi? Nitakuwa sina utu."

Jabiri alijibishana na hadithi yake mwenyewe hadi adhuhuri, na kila alipoitoboa, Kornelio aliiziba kwa maneno yake yaleyale ya jana. Mwisho alitoka na panja. Pikipiki ilibaki. Simu ilibaki, na tivii ya ukutani ikafuatwa kwake Temeke kwa mkokoteni, majirani wakiisindikiza kwa macho. Njiani alijiuliza kwa nini Kornelio alikuwa akicheka peke yake. Hakujua kwamba bwana yule alikuwa ameshakipeleka kiganja kwa sonara jana ileile, akaambiwa ukweli, na usiku kucha hakulala akipanga namna ya kumnyonga Jabiri. Kisha kulipokucha, Jabiri akamfuata mwenyewe kuja kukinunua.

Sonara wa pili, Kumail wa Temeke, aliigeuza panja, akamtazama Jabiri, akakohoa.

"Unataka mwenzake, wa hivihivi?"

"Hivihivi kwa umbo, ila fedha safi. Hapa sitaki ubabaishaji." Jabiri akavua cheni yake shingoni, akaibusu. "Yeyusha hii."

"Umesema mwenyewe fedha," alisema Kumail, akawasha moto.

Alhamisi Jabiri alifika Kinondoni kwa miguu, kama alivyopita siku ya kwanza. Nusaiba alikuwa amekaa karibu na Bi Roshanara, mikono ina hina. Jabiri akaziweka panja mbili juu ya kitambaa cha kijani. Moja iling'aa kama mwezi. Ya pili ilionekana kama mfuniko.

"Mbona hazifanani?" Jabiri akauliza.

"Zitafananaje, beta? Yako ya fedha."

"Kwani ile?"

"Ile kopo la samli. Alilikata marehemu mume wangu kwa mkasi wake." Bi Roshanara aliigeuza, na kweli, kwa ndani bado ilikuwa na alama ya ng'ombe. "Zamani tulitundika za fedha. Wajanja wakazimaliza. Mzee akasema, haja ya mtu haiangalii chuma, tuweke bati."

"Lakini hukuniambia!"

"Uliniuliza?"

Jabiri alimgeukia Nusaiba. "We ulijua?"

"Mie ndo nazisuguaga kwa majivu kila mwaka," alisema Nusaiba, akaficha kicheko kwenye ncha ya mtandio.

Bi Roshanara aliinuka taratibu, akafungua kabati la kioo nyuma ya pazia. Ndani yake panja za fedha safi zilijipanga safu kwa safu, zinawaka. Akaitundika ya Jabiri kwenye msumari uliokuwa wazi.

"Hizi hatutoi," akasema, akifunga kwa ufunguo. "Hizi wameleta wenzako."