Mnada wa Fedha ya Mrusi

Jasper Kinuthia hakuwa mwizi. Mwizi huchukua mali ya mtu ambaye hayupo. Kinuthia alipewa mali na mwenyewe, tena kwa mikono miwili na asante juu yake. Aliuheshimu sana mpaka huo, na hakuwahi kuuvuka.

Asubuhi moja ya mwaka 1978 alikuwa ndani ya hoteli ya Gathoni, mjini Isiolo, akinywa chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia. Robow, dereva wa lori la Mandera, alitia mkono mfukoni alipe mandazi yake. Shilingi zikamwagika mezani, na katikati yake ikatua sarafu kubwa nyeupe. Ililia kama kengele ndogo, ikachukua muda kunyamaza.

"Hiyo ni pesa ya wapi?" Kinuthia aliuliza.

"Ya Mrusi. Mzee mmoja kule Mandera alinipa kwa kumbebea mbuzi yake. Lakini hapa hainunui hata kiberiti."

Kinuthia aliigeuzageuza. Upande mmoja kulikuwa na mtu mwenye ndevu, upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili, na ukingoni maandishi madogo yalizunguka pote. Kinuthia, ambaye kichwa kimoja kilimtosha kuhangaisha mji mzima, alimwonea wivu yule ndege.

"Nitakupa kifurushi cha miraa," alisema, "kwa sababu ya urafiki tu."

Wiki ileile alikuwa Nairobi, Gikomba, kwa fundi mmoja aliyeyeyusha masufuria mabovu. Fundi aliigandamiza sarafu kwenye mchanga, akamimina bati na risasi, na kufikia jioni ile sarafu moja ilikuwa na ndugu ishirini na watatu. Kinuthia aliwasugua kwa majivu na samli mpaka wakapata uzee wa miaka themanini kwa siku mbili. Binadamu wa kawaida huhitaji shida nyingi zaidi ili azeeke kwa kasi hiyo.

Kisha akabandika tangazo mlangoni kwa Gathoni: *Mnada. Fedha halisi ya mfalme wa Urusi. Jumamosi baada ya adhuhuri. Wenye uwezo tu.* Yale maneno matatu ya mwisho ndiyo yaliyojaza chumba. Hakuna mtu Isiolo aliyetaka kuonekana amebaki nje.

Mbele waliketi wanunuzi wawili wa maana. Wa kwanza alikuwa Mathenge, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye kilo yake ya misumari haikuwahi kufika kilo. Wa pili alikuwa Hajj Abduba, mfanyabiashara wa mifugo, kilemba cheupe na uso usiosema kitu. Kando yake aliketi mama mmoja wa makamo, mwembamba, mikono myeusi kwa moshi.

"Huyu ni Gumato," Hajj alisema. "Anatengeneza bangili na mikufu ya fedha. Atapima."

Kinuthia alitabasamu. Alikuwa amejiandaa. Sarafu zote alizitia kwenye mfuko mmoja, ile ya kweli akaiweka juu kabisa.

"Pima, mama! Fedha hii aliipeleka afisa wa Kirusi kwa Wahabeshi, miaka ile babu zetu hawajaona hata baiskeli. Ikafukiwa. Ikafukuliwa. Leo iko mbele yako."

Gumato aliipokea. Aliiangusha juu ya jiwe alilokuja nalo. Ikalia ile kengele yake. Akaisugua, akainusa, akaitazama ukingoni.

"Hii ni fedha," alisema.

Chumba kikanong'ona. Mathenge akalegeza tai. Kinuthia alinyoosha mkono apokee, lakini mkono wa Gumato ulikuwa tayari ndani ya mfuko, na ukatoka na sarafu tatu nyingine. Hizo hakuziangusha. Alizipanga kiganjani pamoja na ile ya kwanza, akazitazama moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la ndama. Kinuthia alitaka kumpokonya, akajizuia. Akikataa, ataulizwa kwa nini.

Hatimaye Gumato alirudisha tatu mfukoni, moja akamwekea Kinuthia kiganjani, akamwinamia Hajj. "Soba," alisema.

"Amesema nini?" Kinuthia aliuliza.

Hajj alikuna ndevu. "Amesema soba. Ni neno la Kiborana. Kwa Kiswahili haliingii vizuri."

"Ni neno zuri lakini?"

"Kwa mahali pake, ni zuri sana."

Hilo tu ndilo Kinuthia alilolihitaji. Alipanda juu ya kreti ya soda, akainua mfuko. "Mmesikia wenyewe! Fundi amesema soba! Wananchi, fedha hii ni soba kuanzia juu mpaka chini! Na mimi ninayewauzia, sijawahi kuuza kitu ambacho si soba!"

Nusu ya chumba ilicheka mpaka mzee mmoja akashikilia ukuta. Kinuthia aliipenda sana furaha ile. Watu wenye furaha hawahesabu chenji.

"Elfu moja na mia tano," Mathenge alipaza sauti. "Taslimu. Zote."

Ilikuwa bei nzuri kuliko ndoto ya Kinuthia. Alikuwa karibu kupiga meza Hajj alipokohoa.

"Mimi sina noti hapa. Nina ngamia wanne, wametoka Sericho juzi. Wako hapa mtaa wa Kiwanjani. Lakini ngamia wanne ni zaidi ya pesa yako, kijana. Wewe uniongeze mia tatu."

Kinuthia alipiga hesabu upesi. Ngamia wanne! Mathenge na noti zake akageuka kuwa maskini machoni pake. Akapiga meza, akatoa mia tatu, shilingi zake zote duniani, na jioni ileile akakabidhiwa wanyama wanne warefu waliomtazama kama mahakimu.

"Wafunge goti," Hajj alimwambia. "Kila mmoja."

"Nitafunga boma kwa miiba, Hajj. Inatosha."

"Ngamia ni yako," Hajj alisema, akaenda zake.

Huko njiani kwenda kwa Gathoni ndipo Kinuthia alipoitoa ile sarafu ya kweli, aliyokuwa ameificha, tangu Gumato alipomrudishia, kwenye mfuko wa ndani wa koti kwa ajili ya mnada wa Marsabit. Aliirusha hewani kwa raha. Ikamponyoka, ikaanguka kwenye saruji ya kibaraza. *Tap.* Ililia kama kifuniko cha sufuria. Aliiokota, akaiangusha tena. *Tap.*

Aliirudisha mfukoni. Halafu akajifariji: nani anahitaji sarafu moja akiwa na ngamia wanne?

Asubuhi boma lilikuwa tupu. Tawi la miiba lilikuwa limesukumwa kando kwa adabu, na nyayo pana zilielekea mashariki kwa mstari mmoja, bila kusitasita. Kinuthia alikimbia mpaka kwa Hajj.

"Ngamia wamekwenda!"

"Salaam aleikum kwanza," Hajj alisema, akiwa mbele ya birika la chai ya maziwa. "Wamerudi Sericho. Ngamia anajua kwao, na kama hukumfunga, hakuombi ruhusa."

"Basi nirudishie mali yangu! Nitakwenda polisi!"

"Twende pamoja. Mimi nitabeba fedha yako ya Mrusi, wewe utabeba nyayo. Tuone askari atauliza nini kwanza."

Kinuthia aliketi chini bila kukaribishwa. Gumato alikuwa hapo pembeni. Shingoni, katikati ya shanga, ilining'inia sarafu kubwa nyeupe yenye mtu wa ndevu.

"Ulijuaje, mama?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza maishani aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

"Hii ya kweli ina mkwaruzo hapa, kwenye shavu. Basi. Mtu amekwaruza. Lakini zile tatu, kila moja ina mkwaruzo huo huo, mahali pale pale. Watu wanne wanaweza kuwa na kovu moja?" Alicheka kidogo. "Na zako ukingo una mshono, maandishi yamezibwa, uso una vitobo kama mkate wa anjera. Hii nimechukua. Ni ujira wa kupima."

"Na ile soba?"

"Uongo," Hajj alisema. "Soba ni uongo. Ulitangaza vizuri sana."

Bila nauli ya kuondoka mjini, Kinuthia alikwenda kwa mtu mmoja Isiolo ambaye, kama yeye jana, hakujua Kiborana. Mathenge alimpokea kwa furaha isiyo ya kawaida. Juu ya kaunta, ndani ya sanduku la kioo, juu ya kitambaa chekundu, zililala sarafu ishirini na mbili.

"Umeona? Hajj amekuja alfajiri, amesema anawakumbuka ngamia wake, anataka pesa awanunue tena. Nimempa elfu moja na mia nane. Za kweli, sivyo?"

Kinuthia aliinamia kioo. Aliyatazama yale makovu ishirini na mawili kwenye mashavu ishirini na mawili.

"Sasa nataka cheti," Mathenge aliendelea, akimsogezea karatasi na kalamu. "Wewe ndiye mtaalamu. Andika kwamba ni halisi, weka sahihi, nitakupa nauli ya Nanyuki."

Kinuthia aliandika kwa mwandiko wake mzuri kabisa, akaweka sahihi, akapokea shilingi kumi na tano. Kabla ya kutoka aliomba karatasi irudishwe, akaongeza neno moja chini kwa herufi kubwa.

"Hii 'soba' ya mnadani ni nini hasa?" Mathenge aliuliza.

"Ni neno la Kiborana," Kinuthia alisema, akivaa kofia. "Kwa Kiswahili haliingii vizuri."