Ombi la Kuondolewa Kodi ya Godoro la Mkamuaji

Mheshimiwa Kamishna wa Kodi ya Mauzo,

Poleni na kazi. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe mmoja na mume wa mke mmoja, ingawa kwa sasa nimebaki na ng'ombe. Naandika kwa heshima, lakini nimekasirika.

Godoro letu lilibonyea katikati. Dukani nikaambiwa godoro la watu linatozwa kodi, ila tandiko la mpira la ng'ombe limesamehewa kwa kuwa ni pembejeo. Nikanunua la ng'ombe, nikalitandika chumbani. Asubuhi mke wangu alifunga mizigo akaenda kwa kaka yake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlimsamehe ng'ombe kwa sababu akilala vizuri anatoa maziwa. Lakini ng'ombe hajikamui. Namkamua mimi, na nisipolala mikono inakuwa mizito, ananipiga teke, ndoo inamwagika. Kwa hiyo godoro la mkamuaji ni pembejeo.

2. Ng'ombe huyu amemzoea mke wangu, na tangu aondoke maziwa yamepungua. Basi mke wangu naye ni pembejeo. Sabuni yake, viatu vyake na nauli ya kumrudisha visitozwe kodi. Karani wenu wa dirishani aliniuliza kama mke wangu ana mkia. Sikucheka.

3. Shemeji hataki kunisikiliza bila kreti ya soda. Soda itamlainisha shemeji, shemeji atamrudisha dada yake, dada atamtuliza ng'ombe, ng'ombe atatoa maziwa. Sioni tofauti kati ya soda hiyo na mbolea.

4. Namkumbuka mke wangu. Hili si hoja ya kodi, lakini nyumba imepoa na chai yangu hainyweki.

Nasubiri jibu nikiwa nimekaa, maana mgongo umekataa kulala. Wasalimie makarani wote, hata yule wa dirishani, pamoja na familia zao na magodoro yao.

Wako mtiifu,
Mfugaji

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amerudi mwenyewe, bila nauli wala soda. Nimempa barua hii nikidhani atafurahi. Anasema tandiko halikuwa na ubaya wowote. Kilichomkimbiza ni mimi kumweleza habari za kodi mpaka kunakucha. Sasa amelibeba, amekwenda kulala nalo zizini. Nafuta ombi langu lote. Tozeni mnachotaka, nami nitalipa kimya kimya, ili kule aliko asikie kuwa nimenyamaza.