Jiwe la Msingi Mbele ya Sinema ya Bibi Alamelu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyewakilishwa na dereva wako. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Kufuatilia Kamati. Bibi Alamelu, mwenye sinema hii tunayoibomoa leo. Wasanii wa filamu zetu za Mzito. Mabibi na mabwana wa Sengalpatti: vanakkam, salamu kwenu! (Makofi, hasa ya watu waliokuja na basi la mheshimiwa.)

Mimi, Daktari wa Heshima Arumaiselvam, Mwenyekiti wa Bodi ya Maendeleo ya Mashujaa wa Filamu, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wenzangu wengi hawana, kutamka kwamba filamu za mashujaa duniani zilikuwa zimetuchosha: mtu anavaa nguo ya kubana, anaruka, anabomoa mji mzima, halafu anasifiwa kwa kuuokoa! Ninyi wasanii wetu mkatuletea Mzito, ambaye haruki kwa kuwa hamkuwa na hela ya kamba za kumning'inizia, wala hapigi mtu. Anakwenda mlangoni kwa dhalimu, anakaa chini, na hakuna kiumbe wa kumwinua mpaka dhalimu aone haya. Sehemu saba, shujaa amekaa! Na kwa mujibu wa takwimu zangu, asilimia mia moja na nne ya watengenezaji filamu sasa wamewakalisha mashujaa wao. (Vicheko. Mama mmoja: "Hesabu ulisomea wapi, baba?") Swali zuri, mama. Utajibiwa kwa maandishi.

Kwa msingi huo, baada ya upembuzi yakinifu na chakula cha mchana, Bodi imeazimia kwamba hapa ilipo sinema hii chakavu patasimama Kituo cha Kimataifa cha Mashujaa, chenye studio kumi na mbili, uwanja wa helikopta, na chuo kikuu cha kukaa. (Bibi Alamelu: "Na Ijumaa sehemu ya saba tutaionyesha wapi?") Bibi, maendeleo hayaangalii Ijumaa. (Bibi Alamelu: "Mume wangu alipokufa, siku ya tatu nilifungua milango, maana watu walikuwa wanasubiri. Leo nifunge kwa maneno yako haya?") Nimeguswa. Katibu, andika kwamba nimeguswa.

Nawashukuru pia kwa kuimwagia maziwa picha ya Mzito pale langoni, kama ilivyo desturi yetu ya kuheshimu nyota wa filamu, ingawa picha yangu, ambayo ni ndefu kuliko yake, naona imemwagiwa mtindi uliochacha. Nitalichukulia kama upendo. Mashujaa hoyee! (Sauti mbili.) Sengalpatti mbele, mbele zaidi! (Sauti moja, ya dereva.)

Mwisho, namshukuru mfadhili, ambaye tutamtafuta. Mkandarasi, ambaye tutamteua mfadhili akipatikana. Na shemeji yangu, ambaye kwa moyo wa kujitolea atakitunza kiwanja hiki kisikae bure, kwa kujenga juu yake ukumbi wa harusi, wa muda, wa ghorofa tatu. (Miguno: "Heee! Kumbe!") Sasa vijana, rudisheni jiwe la msingi kwenye gari, taratibu, msilikwangue, alasiri tunaliweka Melakottai, kule ni la kiwanda cha sukari.

(Sevugan, fundi wa kuchomelea anayeigiza Mzito, anakaa juu ya jiwe na joho lake jekundu.)

Shujaa, inuka. Nakuomba. (Sevugan: "Siinuki, mheshimiwa.") Askari, mwinueni! (Askari wanne wanamzunguka, wanakunja mikono ya mashati, wanahema. Mmoja: "Ni mzito kweli, mheshimiwa!" Hawajamgusa. Bibi Alamelu anakaa kando ya jiwe, kisha mama wa hesabu, kisha umati wote. Dereva wa tingatinga lililoletwa kubomoa sinema anazima mashine na kuja kutazama.) Jamani, acheni mzaha! Na wewe dada mwenye kamera, unapiga nini? Hotuba imekwisha! (Dada: "Mheshimiwa, tulikuwa tumekosa dhalimu wa sehemu ya nane. Ila pale pa shemeji jua liliipiga kamera, picha haikutoka. Ungerudia, kaka?")

Mimi? Kwenye filamu? (Anatengeneza nywele.) Nianzie wapi?

(Bibi Alamelu, kutoka chini: "Anzia pa ukumbi wa harusi, baba. Na sema kwa sauti, maana utaonyeshwa humu humu sinemani.")